Shahidi wa Meza ya Tatu

Kazini walimwita Mama Homa, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na tisa, ndani ya banda la nailoni la kampuni ya mbegu, kazi yake ilikuwa kuiambukiza miche ya nyanya. Alipitisha kisu udongoni akaikata mizizi kidogo, kisha akamwaga maji yenye vijidudu vya mnyauko kwa kopo lililofungwa utepe mwekundu. Mche uliokufa ulikwenda shimoni. Uliobaki hai ulitolewa mbegu, mbegu ikajaribiwa upya, mpaka siku moja ifae kuingia kwenye pakiti iliyoandikwa: inastahimili mnyauko.

"Wenzako wanalea, wewe unaua," mdogo wake, mkulima, alizoea kumtania.

"Naua huku ili kwako zisife."

Lakini kwake zilikufa. Misimu miwili nyuma mdogo wake alinunua pakiti yenye maneno hayohayo, ya kampuni nyingine, na shamba zima likalala ndani ya wiki moja. Alikata shina akalisimamisha kwenye glasi ya maji safi, juu ya meza ya chakula. Dada mtu akatazama uzi mweupe kama maziwa, vijidudu vyenyewe vya mnyauko, ukitoka kwenye shina na kushuka taratibu, taratibu, bila haraka yoyote. Tangu hapo uzi ule ulimjia hata akiwa macho.

Asubuhi moja mvuke ulijaa bandani, na mwanga ulipita kwenye nailoni ukawa laini kama pumzi ya mtoto. Ilikuwa siku ya ishirini na moja tangu amwage vijidudu. Kwenye meza ya tatu ulisimama ukoo wa kumi na nne, uzao wa mbegu moja, ambao aliubeba miaka sita huku wote wakimwambia hauna maisha. Miche ishirini, yote kijani.

"Mama Homa!" Mtafiti, kijana wa miwani, alipiga makofi. "Ishirini kwa ishirini! Na mkurugenzi alishasema ukoo huu usipofaulu msimu huu, tuutupe. Sasa tunaupeleka kwenye pakiti, tena naomba upewe jina lako."

"Nani atanunua nyanya inayoitwa Homa?"

Wakacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Mtafiti akainama kuandika.

Hapo ndipo jicho la mama likaangukia pembeni ya meza. Kila meza ilikuwa na miche minne ya nyanya ya zamani, dhaifu, isiyohimili ugonjwa hata kidogo. Waliiita shahidi. Shahidi akifa, ugonjwa umeingia kweli, na waliobaki hai wamepona kwa nguvu zao. Kwenye meza nyingine zote shahidi alikuwa ameshakauka. Wa meza ya tatu alikuwa wima, ananawiri kama bibi harusi.

Akakumbuka. Siku ile ya kumwaga, mvua ilipiga nailoni kama vidole elfu, naye akaelea nayo, akafika mbali kimawazo, mikono ikifanya kazi peke yake. Mikono ilishika kopo lisilo na utepe.

Vidole vyake vikanyooka. Kung'oa miche minne na kuitupa kama iliyokufa ni kazi ya kufumba na kufumbua, na Mtafiti alikuwa bado ameinama. Kazi ya miaka sita ingepona. Lakini mbele ya macho yake uzi mweupe ukaanza kushuka, taratibu, kwenye glasi ya kila mkulima. Mkulima hana maabara; ana pakiti tu.

"Mwanangu," alisema, "shahidi hajafa."

Kalamu ikasimama. "Unasemaje?"

"Meza hii niliipa maji matupu. Ni mimi."

"Mama! Unajua wataufanya nini ukoo huu?"

"Najua. Taarifa unaitoa lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Zinatosha. Niletee kopo. La utepe, tafadhali, nisije nikaota tena."

Alikata mizizi kwa mkono wake mwenyewe, akamwaga, akageuza ndoo na kuikalia. Siku ya nne, saa sita mchana, shahidi aliinamisha jani kama mtu anayesinzia mkutanoni. Siku ya sita alikuwa amekufa. Kisha ukafuata ukoo, mmoja, wawili, kimyakimya, kila mchana mche mwingine ukilala kana kwamba umechoka kusubiri. Siku ya kumi na nne, kumi na mmoja kati ya ishirini walikuwa wameanguka. Tisa walisimama.

Mtafiti alipeleka taarifa kama ilivyo, akarudi jioni akiwa amevua miwani.

"Mkurugenzi kasema pakiti hapana," alisema. "Ila na shimo pia hapana. Tupande mbegu za hawa tisa."

"Pole, mwanangu."

"Pole ya nini? Tungewauzia watu ndoto."

Mama Homa alichukua kisu. Alikata kichipukizi kimoja kwenye mche wa tisa, akakisimamisha kwenye glasi ya maji dirishani, akaketi kutazama. Jua lilipita ndani ya glasi likatulia mezani. Alisubiri uzi. Maji yalibaki maangavu.