Kibali cha Kupumzika

Mzee mwenye nyumba niliyopanga Tunduma alikuwa mgeni nchini kwa umbali wa mto mmoja. Alizaliwa ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi, na kutoka shamba la wakwe zake kule Ibaba, siku isiyo na ukungu, aliweza kukuonyesha kilima alichochungia mbuzi. Lakini karatasi haziangalii vilima. Kwenye karatasi alikuwa raia wa nchi nyingine, aliyeruhusiwa kuishi kwetu kwa sababu alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuendesha malori ya kampuni moja ya usafirishaji tangu enzi za kupeleka mafuta Zambia, barabara ikiwa bado tope tupu.

Siku ya kustaafu kampuni ilimpa redio, blanketi na barua ya pensheni, ikampigia makofi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba kibali chake cha kuishi kilikuwa kinastaafu pamoja naye. Alikuja kulijua hilo mpakani, kwa askari aliyezoeana naye miaka mingi. Askari aliomba kukiona kwa utani tu, kama walivyotaniana siku zote, kisha utani ukamwisha mdomoni. Alimweleza kwa upole kwamba kile kilikuwa kibali cha mfanyakazi, na mfanyakazi mwenyewe ndiyo hivyo hayupo tena.

Bila kibali kingine angetakiwa kuvuka mto arudi kwao, ambako wazazi walikwisha kufa na nyumba yao ilikuwa kichuguu. Mkewe, bibi mmoja wa Kindali mwenye mabega ya mbeba kuni, alisema yeye haendi kokote. Aliolewa na dereva, hakuolewa na mto. Kahawa yake iko Ibaba, nyumba yake iko Tunduma, na mume wake atakaa palipo na vitu hivyo. Alisema hivyo akiwa anachambua maharage, na nikaona anatupa mazima na kubakiza yaliyotobolewa.

Mimi wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nisiye na kazi yenye jina. Shule niliiacha darasa la nne pale Ndalambo, kwa sababu lori lilisimama karibu na darasa kupoza injini na mimi nikataka kujua linakokwenda. Tangu hapo nilikuwa nimeosha vyombo Mbozi Mission, nimechuma kahawa ya watu, nimeuza maandazi, nimevuka Nakonde kutafuta sabuni huku nikijifunza kusema “mukwai”, neno lao la heshima, kila baada ya neno la pili ili Wazambia wasinizungushe. Nikishajua jambo linavyokwenda, hamu inaniisha. Ofisi ya uhamiaji nilikuwa sijawahi kuingia. Kwa hiyo wale wazee walipotaka mtu wa kuwasindikiza Mbeya, nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu.

Ofisa alikuwa kijana mwenye miwani, aliyeongea taratibu kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye chupa. Alitutoa hofu ya kwanza: haikuwa lazima mzee atoke nchini ndipo aombe upya. Angeweza kubadilisha hapahapa, kutoka kibali cha mfanyakazi kwenda kibali cha mstaafu. Pensheni anayo, nyumba anayo. Ilibaki barua ya balozi wake wa nyumba kumi kuthibitisha kwamba kweli hafanyi kazi, na ofisa mwenyewe angepita kumwona, kwani Jumamosi ya wiki ya pili alikuwa na shughuli mpakani.

“Kazi yoyote?” mzee akauliza.

“Yoyote, mzee.”

“Hata isiyo na mshahara?”

“Hata hiyo. Nikikukuta unafanya kazi, nitaandika unafanya kazi. Hiki ni kibali cha mtu aliyepumzika.”

Tulipokuwa tunashuka ngazi mzee alininong'oneza, mkewe asisikie, kwamba yeye hajui kupumzika kunafanywaje.

Balozi wetu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kondoa, mwenye duka lililobaki na chumvi, viberiti na heshima. Tulidhani barua ni jambo la kusimama tu na kusubiri wino ukauke. Tulisahau ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa mwaka ule serikali ilipotaka kila mwenye nguvu aonyeshe kazi yake, na asiye nayo alipakiwa kwenye lori akapelekwa kulima. Balozi alikuwa amesimama kwenye mkutano wa kata, amevaa kofia yake nzuri, akatangaza kwamba katika nyumba zake kumi hakuna hata mtu mmoja asiyefanya kazi. Alipigiwa makofi, na ulikuwa bado unayaona makofi yale usoni kwake.

“Wallahi siandiki,” akasema. “Juzi nimeapa mbele ya katibu kata, leo niandike kwa mkono wangu kwamba ninaye mtu wa kukaa bure? Na wewe, binti, usinitazame hivyo. Wewe nilikuhesabu mfanyabiashara, na Mungu anajua nilivyojitahidi.”

Bibi akamwambia aandike apendavyo, ila mumewe akifukuzwa, yeye atahamia pale dukani na kulala juu ya magunia ya chumvi mpaka mmoja wao afe. Balozi akamtazama, akatazama magunia. Akasema Jumamosi ya wiki ya pili wote tuna shamba la pamoja. Mzee aje na jembe kama watu, halafu habari ya barua tutaona.

Ilikuwa Jumamosi ileile ya ofisa. Akishika jembe, uhamiaji wangemwandika mfanyakazi. Asiposhika, balozi hatoi barua, na pengine katibu kata anamwitia lori. Bibi alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, kicheko cha mtu aliyekasirika hadi kikomo, na mimi nikaambukizwa. Mzee peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anaokota misumari barabarani.

Hapo ndipo nilipojitolea kumfundisha. Wengine wana cherehani, wengine wana ng'ombe. Mimi nilikuwa na kipaji cha kukaa. Asubuhi nikamwekea kiti barazani. Alikaa wima, mikono miwili mbele, na kila mbuzi alipokatiza barabara mguu wake wa kulia ulitafuta breki.

“Mzee, unaendesha nini?” nikamwuliza.

“Nimejisahau, mwanangu.”

Nikamfundisha kuegemea. Nikamfundisha kunyoosha miguu, kumtazama mpita njia bila kutaka kujua amebeba nini, kuuliza habari za mvua na kutosubiri jibu. Akauliza mawazo ayaweke wapi. Nikamwambia ayaache yapite kama malori. Akasema ndiyo shida yenyewe, kila lori linalopita anasikia gia yake imechelewa. Majirani wakaanza kupita kwa makusudi. Walimwuliza kazi inaendeleaje, naye akawa anajibu kwa uaminifu kwamba ni nzito, lakini anaizoea. Mchana mmoja alisinzia kweli, kidevu kifuani, na bibi akatoka jikoni kwa kunyata, akanivuta mkono nije nimwone, kama vile tumeangua kifaranga.

Jumamosi ilifika na mvua za kwanza zikiwa zimelainisha udongo. Kwenye shamba la pamoja kila mtu mzima alipimiwa ngwe yake, kipande kirefu kinachokwenda kutoka njia hadi kichaka, na ngwe isiyolimwa ilikuwa aibu ya mwenyewe hadharani, ikibaki na majani yake katikati ya ngwe za wenzake. Balozi alipima kwa kamba: bibi, mzee, mimi, tumefuatana. Sisi tulifika na kiti. Nilikibeba mimi kichwani, na nyuma yangu alikuja mzee amevaa suti. Bibi ndiye aliyeamua suti. Alisema mtu hawezi kushukiwa kulima akiwa amevaa tai.

Tuliweka kiti katikati ya ngwe yake, mzee akakaa, akaegemea, akanyoosha miguu. Nilijisikia fahari. Watu waliangusha majembe kwa kucheka. Mmoja akauliza bibi harusi anatokea upande gani. Balozi alikuja mbio, kofia mkononi, akasema tunamwua, tunamzika mzima, na karibu na adhuhuri alikuwa bado anasema hivyo baiskeli ya katibu kata iliposimama njiani. Na kwa upande wa kichaka, akiruka madimbwi na viatu vyake vya Mbeya, alikuwa anakuja ofisa wa uhamiaji.

Walifika karibu pamoja. Mmoja alitaka kumwona mzee analima, mwingine alitaka kumwona halimi.

“Huyu mbona amekaa?” katibu kata akauliza.

Balozi akaficha kofia nyuma ya mgongo. Mzee akashika mikono ya kiti aanze kuinuka.

“Kaa,” bibi akasema bila kuinua kichwa.

Mzee akakaa. Bibi alimaliza tuta lake la mwisho, kwani ngwe yake alikuwa ameila asubuhi yote kama moto, kisha akajinyoosha na kumgeukia katibu kata.

“Ndugu katibu, umekuja kukagua watu au umekuja kukagua ngwe?”

Katibu akafikiri. “Ngwe, mama.”

“Basi subiri ngwe.”

Akaingia kwenye ngwe ya mumewe upande wa njia. Mimi, ambaye ngwe yangu mwenyewe ilikuwa imeguswaguswa tu, nilijikuta nimeingia upande wa kichaka. Sijui nani alinisukuma. Sijawahi kulima vile kabla wala baada. Tulilima tukielekeana, udongo ukiruka, watu wakaanza kupiga vigelegele, mtu akaanzisha wimbo wa Kinamwanga na majembe ya ngwe nyingine yakaufuata. Tulipokaribia kiti, mzee alikunja miguu juu. Haikutosha. Ndipo majirani wanne walipokiinua kiti pamoja naye, tai na yote, wakampitisha juu ya vichwa vyetu na kumweka kwenye udongo uliokwisha kulimwa, naye muda wote ameegemea, ameshikilia mafunzo.

Balozi akavaa kofia yake. “Ngwe hiyo, ndugu katibu. Kwangu hakuna ngwe iliyolala.”

Katibu kata alitembea kutoka mwanzo hadi mwisho akitazama ardhi. Hakuona kasoro. Akaandika anachoandika, akapanda baiskeli. Ofisa alisogea mbele ya kiti, miwani imeingia matone.

“Mzee, umepumzika?”

“Mwanangu,” mzee akasema, “sijawahi kuchoka namna hii.”

Ofisa alivua miwani, akajifanya anaifuta, na mabega yake yalitikisika muda mrefu. Kisha akamwomba balozi ile barua. Balozi aliiandika palepale, karatasi juu ya mgongo wangu, maana mimi nilikuwa nimeinama na sikuweza kunyooka. Aliandika kwamba mzee huyu hafanyi kazi yoyote, na kwamba hana deni la kazi kwa mtu yeyote. Aliisoma kwa sauti mara mbili, akaipenda.

Kibali kiligongwa muhuri Mbeya wiki iliyofuata. Nilikwenda nao tena, viganja vikiwa vimefungwa vitambaa. Ofisa alieleza kwamba muda ukiisha watakuja kuomba tena, na mzee atatakiwa aonekane bado amepumzika. Mzee akauliza kama ataweza kupewa likizo. Tukatoka. Bibi alikuwa na kapu lake la viazi alivyonunua sokoni, kapu zito, na pale mlangoni mzee, kwa mazoea ya ndoa yao, akaliinamia alibebe.

Bibi akampiga kofi dogo mkononi.

“Weka chini,” akasema. “Yuko dirishani.”