Aliahidi hatapanda paa tena, mpaka alipofika Vihingo

Saa tano kasoro robo asubuhi, Efrazia Rwegoshora amepiga goti juu ya paa la bati huko Vihingo, wilayani Kisarawe. Mkono mmoja umeshika ukingo wa dishi, mwingine una spana namba kumi na tatu. Upepo unavuta kanga aliyoifunga juu ya suruali. Analegeza nati, anasogeza dishi upande wa magharibi kwa upana wa ukucha, anasubiri, kisha anasogeza tena.

Chini uani hakuna anayepiga kelele "Imekuja!" wala "Bado!", maneno ambayo fundi dishi huyasikia kutwa. Yupo mwanamume mrefu, amesimama mbele ya televisheni iliyoburutwa hadi mlangoni, anainua vidole. Vitatu. Vinne. Vitatu tena.

Jina lake Mashauri. Ana miaka 29, ni mfugaji, na hasikii tangu akiwa mtoto mdogo. Kila kidole anachoinua ni asilimia kumi ya ubora wa mawimbi anaousoma kwenye kioo.

Mama yake, Margareta, ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, usiangalie chini," anamwambia fundi.

"Nisipoangalia chini, mama, vidole nitaviona wapi?"

Efrazia hakupaswa kuwa juu ya paa hilo. Kwa miaka mitatu amefanya kazi kwa sharti moja: dishi linafungwa kwenye nguzo ya chini, au anatafutwa fundi mwingine.

Sharti hilo lilitoka kwa mumewe, Evodius. Yeye ndiye aliyekuwa fundi, akijulikana kuanzia Mlandizi hadi Kisarawe mjini. Mwaka 2021, siku moja baada ya mvua, bati liliteleza chini ya viatu vyake akaanguka na kuvunjika nyonga. Alilala hospitali wiki saba. Leo anatembea kwa gongo na anatengeneza visimbuzi na rimoti akiwa amekaa barazani, Mlandizi.

Efrazia, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera, alikuwa akiuza nguo za watoto mnadani. Mumewe alipolazwa, wateja waliendelea kupiga simu. Siku ya kumi akachukua mfuko wa spana, akapanda bodaboda akaenda.

"Nilikuwa nimemshikia ngazi miaka sita. Ningeshindwaje kujua?" anasema mama huyu wa watoto watatu, mwenye miaka 41.

Majirani hawakuona hivyo. Mwanamke kuvaa suruali na kukwea nyumba za watu? Wakasema dishi lake mwenyewe limeyumba, yaani akili imemruka.

"Walisema mbele yangu, wakicheka. Nikawaambia, basi mimi ndiye nitakayelitega, maana ninyi hamjui hata linatazama wapi."

Mwaka wa kwanza alipanda mapaa kama mumewe. Kisha siku moja, mtaa wa Maili Moja, Kibaha, mguu ulimteleza akaning'inia kwenye boriti hadi walipomletea ngazi. Jioni ile Evodius alimtaka aahidi. Akaahidi.

Tangu hapo hana raha. Kazi za chini ni chache, kwa sababu nyumba nyingi zimezungukwa na miti au kuta. Anatoza shilingi 20,000 kwa dishi moja, nauli juu ya mteja, na wiki nyingine hapati hata kazi tatu. Akikaa nyumbani anafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Akiwa njiani anahesabu madishi ya watu na kuyakosoa yaliyopinda.

"Huyu akinyamaza dakika tano, ujue anaumwa," anasema Evodius.

Juma lililopita simu ya Efrazia ilipata ujumbe kutoka namba ngeni. Aliipigia namba hiyo mara nne bila kujibiwa, akaanza kukasirika. Kisha akausoma ujumbe vizuri.

"Dishi halioni siku tisa. Mimi sisikii usipige. Njoo Vihingo. Mashauri."

Asubuhi iliyofuata alikamata bodaboda Mlandizi, akafuata barabara ya vumbi ya kuelekea Mzenga. Kosa lilionekana kabla hajashuka. Nguzo ya dishi ilikuwa imelala upande, imeng'aa kwa mafuta ya ngozi: ng'ombe walikuwa wakijikunia hapo. Mafundi wawili walikuja kabla yake, wakaisimamisha, wakalipwa, wakaondoka. Ng'ombe wakarudi.

Akatafuta mahali pengine pa chini. Upande mmoja mikorosho ilifunika anga la magharibi, upande mwingine ni zizi. Palibaki paa.

"Mama, shikamoo tena," alimwambia Margareta. "Hii kazi siiwezi. Tafuteni kijana apande."

"Marahaba. Lakini kaa kwanza nikwambie," alijibu Margareta, ambaye familia yake ilihamia Pwani na mifugo kutoka Shinyanga.

Akamweleza habari ya masika. Margareta mwenyewe alikuwa Kibaha kwa mdogo wake. Redio zilitangaza mvua kubwa tangu jana yake, na majirani wakahamisha mifugo kwenda mwinuko. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia Mashauri. Maji yalimkuta amelala. Aliamka yakiwa kitandani. Ndama saba walikufa, na yeye mwenyewe alikutwa amekumbatia mti.

Baada ya hapo Mashauri aliuza dume moja, akanunua televisheni, dishi na sola. Kwenye taarifa ya habari kuna mkalimani wa lugha ya alama, na lugha hiyo aliisoma shuleni hadi darasa la saba.

Mashauri aliona midomo ya mama yake, akajua kinachosemwa. Akaandika kwenye simu akampa fundi asome: "Watu wote walijua ila mimi."

Efrazia alizunguka ile nyumba mara mbili. Kisha akampigia mumewe.

"Baba, napanda."

Evodius alijua akimkataza atapanda huku anatetemeka.

"Bati limekauka?"

"Limekauka."

"Kanyaga penye misumari tu. Chini ya misumari pana mbao. Na simu usiifunge, niisikie."

Simu hiyo sasa iko mfukoni mwake, iko hewani. Miguu yake inafuata mstari wa misumari kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Anasogeza dishi. Vidole vinne. Anasogeza tena, anahesabu kumi kimoyomoyo maana kisimbuzi huchelewa. Sita. Anakaza nati moja, dishi linarudi nyuma, vinashuka hadi vitano. Anasonya, anaanza upya.

Saa sita kasoro, Mashauri anainua vidole saba, halafu anaacha kuhesabu. Anapiga mikono yote miwili hewani, anazunguka, anamkimbilia mama yake kwenye ngazi.

"Ngazi, ngazi!" anapaza sauti Efrazia, kisha anakumbuka Mashauri hasikii na kucheka peke yake.

Saa saba taarifa ya habari inaanza. Pembeni mwa kioo anatokea mwanamke mwenye blauzi nyeusi, mikono yake ikienda haraka. Mashauri amechuchumaa karibu kabisa, mikono yake ikimjibu. Utabiri unasema siku tano kavu. Anageuka kumpa mama yake habari hiyo kwa ishara, na Margareta anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mara zote mimi ndiye humpa habari," anasema.

Njiani kurudi Mlandizi, Efrazia hafurahii sana. Magoti yanamuuma, na anajua hofu ya kupanda mapaa imerudi nyumbani kwake. Usiku ule yeye na Evodius hawakugombana. Waliandika orodha: kamba, mkanda wa kiunoni, viatu vya mpira. Bila hivyo, hakuna paa.

Lakini kinachomkosesha usingizi sasa ni kingine. Shule na zahanati hazimpi kazi kwa sababu hana cheti. Amechukua fomu ya kozi ya umeme na elektroniki katika chuo cha ufundi Kibaha, ambako atakaa darasani na vijana wa umri wa mwanawe wa kwanza. Anataka kuirudisha kabla ya Ijumaa.

"Kwenye fomu, penye kazi, niliandika 'mjasiriamali', kama tunavyoandika kila mahali," anasema, akiinuka kabla hajamaliza chai. "Nikalitazama neno hilo, nikalikata. Nikaandika 'fundi'."