Kijiji Nilichokipima Siku ya Soko

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa huduma ya mazingira pale mgodini alinikabidhi sonometa, chombo kidogo cha kupima kelele chenye kichwa cha sponji cha kuzuia upepo. Akaniambia nivue bangili, nisimame mbali na ukuta, nisikohoe. Nilidhani ananitania. Mwanamke kushika kifaa cha mgodi lilikuwa jambo geni, na wenzangu walinicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Ninyi mnaopima kwa simu, sikilizeni. Tulipima vijiji kabla mgodi haujaweka mtambo au barabara karibu. Kijiji kikiwa kitulivu, barabara ilipaswa kupita mbali nacho. Kikiwa na kelele tayari, hakikuwa na la kudai. Namba kwenye karatasi yangu ndiyo iliyoamua kama watu watalala.

Nilianzia Musonoi, hapo hapo Kolwezi, nikapelekwa Fungurume, kisha nikarudishwa Kolwezi chini ya mkuu mpya. Huyu alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Malori ya madini yalitakiwa kupita kando ya kijiji cha wakulima, upande wa Mutshatsha.

"Mama, uende siku ya soko," akaniambia. "Usimame karibu na moulin. Andika tu vile machine inasema."

Nikaenda. Mashine ya kusaga mahindi ilinguruma, redio zikashindana, nami nikaandika na kusaini. Namba haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilijua siku ile ni ya soko.

Nilipokuwa nikifunga kifaa, mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo aliniuliza ninapima nini. Nikamweleza.

"Basi ulikuya siku mubaya, mama," akasema bila hasira. "Kuya siku ingine, usikie vile tuko."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Siku tatu baadaye nikarudi kwa pikipiki ya kukodi, bila kumwomba mtu ruhusa. Nilisikia majembe shambani, na mtoto akimwita mwenzake ng'ambo ya kijito. Nikapima asubuhi, nikapima jioni, nikaandika karatasi ya pili. Nakala nikampa chifu wa kijiji, halafu karatasi yenyewe nikaipeleka kwa mkuu. Aliisoma amesimama.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, chef. Ndio vile kijiji iko."

"Ile ya kwanza ndio itaenda kwa direction, kwa wakubwa."

"Ile mi nilisaini, na mi naikatala. Iyi ya pili, chifu iko nayo."

Mwezi haukuisha, nikahamishiwa ghalani kugawa buti na kofia za wachimbaji. Niligawa buti mpaka nikastaafu, na hakuna aliyekuja kuniaga. Lakini barabara ilipitishwa nyuma ya kilima, mbali na kijiji.

Ndugu zangu wa kwetu Kasai husema niliharibu kazi nzuri kwa ajili ya kijiji ambacho si cha ukoo wetu. Waseme. Buti hazikuniaibisha hata siku moja. Aibu yangu ya kazi nzima ni ile karatasi ya kwanza, kwa kuwa niliisaini nikijua.