Utafiti wa Wanawake Tisa

Nilipokuwa nikifanya kazi za ndani Aziziya, Jeddah, nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wanawake tisa wa kaunti yetu. Mdahalo wa wagombea ugavana huko Kenya tuliufuatilia kwa simu, kila mmoja katika nyumba ya madam wake, mimi nikipiga kanzu pasi. Mgombea wetu alijibu swali la maji bila kuzungukazunguka, basi tukapiga kura ya maoni papo hapo. Akapata wanane. Wa tisa alimtaka mpinzani, eti anajua kuvaa suti. Mmoja wetu akatuma matokeo nyumbani kwa mzaha: "Utafiti mpya! Wanane kati ya tisa!"

Siku moja kabla ya uchaguzi nikampigia mama.

"Mimi sipangi foleni na goti hili," akasema. "Mtu wetu ameshapita. Utafiti umesema wanane kati ya tisa."

"Mama, hao tisa ni sisi."

"Nyinyi nani?"

"Sisi wa Jeddah. Na huku hatupigi kura ya gavana. Utafiti wa kweli huuliza watu wa kila wadi, tena wapiga kura. Hata huo hauingii kwenye sanduku, mama. Kura yako ndiyo inayoingia."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimepotoshwa na mtoto wangu mwenyewe!"

Kesho yake jirani alinitumia picha ya mama kwenye foleni, ameegemea fimbo, na ujumbe wa mama: "Waambie wenzako, wa kumi amefika."