Kona ya Kwanza ya Pikapu ya Baba

Baba alimpa mdogo wangu kazi ya pikapu, nami nikanuna.

Pikapu yenyewe ni kuukuu kuliko sisi wote wawili. Baba aliitumia kubeba mpunga kutoka Ahero miaka na miaka, akiipitisha kwenye maji ya mafuriko bila huruma. Chesisi, ile fremu ya chini, ilikuwa bado nzima, ila yale mabano ya chuma yanayoibeba bodi juu yake yalikuwa yameliwa na kutu, ukiyagusa yanamong'onyoka. Bodi ililala upande, na mlango wa dereva haukufungika mpaka uuinue kwa goti.

Mimi ndiye kifungua mimba, na nina kibanda cha kuchomelea vyuma sokoni Kibuye. Mdogo wangu alijifunza kazi kwangu, kisha akaenda Nairobi na kurudi na mashine mpya na mkono uliotulia. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Hilo nilikuwa nikilijua peke yangu, na sasa baba alikuwa amelitangaza. Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi nilibaki Kibuye nikichomelea mageti ya watu, nikiomba mdogo wangu afungue bolti zote kwa mpigo, bodi ihame, milango igome kabisa.

Siku moja mama akapiga simu: pikapu iko juu ya mawe na kazi haijaanza. Amekwama, nilijiambia, nikaenda nyumbani Pap Onditi kumcheka.

Hakuwa amekwama. Mabano mapya yalishakatwa, bolti zimelowekwa oili, milango imefungwa kamba isisogee. Jeki ilikuwa imeinua kona moja tu ya bodi, na kipande cha mbao kati ya jeki na bodi. Baba alikuwa kanisani.

"Bro, nilikuwa nakungoja," mdogo wangu akasema. "Mzee aliniambia nianze tu. Lakini hii ni gari ya boma. Mimi siwezi kukuruka."

Kwetu mdogo hapandi mbegu kabla ya mkubwa wake, wala hajengi kabla yake. Lakini sijawahi kusikia hayo yakisemwa kuhusu kuchomelea. Alijitungia mwenyewe, kwa ajili yangu, na nilitamani kumpiga ngumi.

Nikajilaza chini, nikachoma bano la kwanza kwa mashine yake nisiyoizoea. Mshono ukatoka na vinundu. Yeye akamalizia mengine, moja baada ya jingine, hagusi linalofuata kabla lililotangulia halijakazwa. Kufika jioni, mlango wa dereva ulifungika kwa kidole.

Baba aliporudi alipiga magoti na tochi. Alipitisha kidole kwenye kila mshono, akiguna kwa raha, mpaka akafika kona yangu.

"Na hii nani alichoma? Ni kama kuku imepita hapa."

Nikafungua mdomo.

"Ni mimi, Mzee," mdogo wangu akasema. "Mkono iliteleza."

"Basi hiyo kona ungeachia mkubwa wako," baba akasema, akinipigapiga begani.

Mdogo wangu aliinama kukusanya spana zake, wala hakunitazama. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yeye wakati ule.