Sikio la Honorata kwenye mitungi ya Kibirizi

KIGOMA. Asubuhi hii ufukwe wa Kibirizi umejaa mapipa ya petroli, magunia ya muhogo na wanawake waliokuja kuulizia habari za ndugu zao. Katikati ya zogo hilo, Honorata Ruhwanya amepiga magoti ndani ya boti ya mbao, amepakata mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Anaupindua juu chini, kisha anaegemeza sikio ubavuni mwake.

"Hebu nyamazeni kidogo," anawaambia mabaharia wawili wanaobishana mambo ya mpira.

Wananyamaza. Honorata anaupindua tena, polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala.

"Huu mzima," anasema, na kuurudisha kwenye kishikio chake.

Hapa Kibirizi wamempa jina la Mkunga. Aliyelianzisha ni Anatoli, nahodha wa boti hii.

"Si unaona anavyoweka sikio? Kama anasikiliza tumbo la mjamzito," anasema Anatoli. "Siku ya kwanza tulimcheka mpaka tukachoka. Sasa hivi mimi mwenyewe siondoki kabla hajasikiliza."

Honorata, mama wa watoto watatu, anaishi mtaa wa Rusimbi. Kazi hii aliipata kwa mjomba wa mumewe, mzee Dismasi, aliyekuwa akihudumia mitungi ya maghala ya mawese mjini. Alikuwa akimpelekea chakula cha mchana, akawa anakaa kumshikia spana wakati mzee anakula. Mzee alipopata shida ya mgongo, wateja wakamfuata Honorata.

Kipato hakina mstari ulionyooka. Mwezi mzuri anaweza kupata laki mbili na kitu. Mwezi mbaya anauza maandazi.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake. Kwanza anatazama sindano ya kipimo cha presha, iwe kwenye rangi ya kijani. Kisha pini na lakiri yake. Halafu mpira wa kutolea unga, kwa sababu nyigu wa huku wanapenda sana kujenga humo.

"Moto umeshawaka, mpira umezibwa na udongo wa nyigu, utabaki kuubembeleza moto uzime wenyewe," anasema.

La mwisho, kuupindua mtungi na kusikiliza, ndilo lililomletea maneno. Ndani ya mitungi mingi mna unga mkavu, na gesi ndiyo inayousukuma utoke. Kwenye boti, mabaharia huufunga mtungi kwa vipande vya tairi kando ya injini, ili uwe karibu na petroli. Wanaona wamefanya la maana. Lakini injini inatetemeka kutwa nzima, na unga unashindiliwa chini, safari baada ya safari, mpaka unakuwa bonge gumu.

"Sindano itakuambia gesi ipo," anaeleza. "Haikuambii unga umelala. Unga mzima ukiupindua unashuka kama mchanga. Uliogandamana hausemi kitu."

Mwezi Mei mwaka huu wa 2015, watu wakiikimbia Burundi walijaa Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Njia rahisi ya kuwatoa ilikuwa maji. Boti zikakodiwa kuwaleta mjini, na sharti mojawapo lilikuwa mitungi ikaguliwe. Honorata ndiye aliyeitwa.

Miongoni mwa waliokuwa wakisubiri Kagunga alikuwamo mdogo wake, Shukrani, aliyeolewa ng'ambo, Nyanza-Lac ya Burundi. Alivuka na watoto wawili na sufuria moja. Ujumbe wa mwisho kutoka kwake, kupitia simu ya mtu, ulisema mtoto mdogo anaharisha. Habari za kipindupindu cha Kagunga zilikuwa zimeshafika mjini.

Asubuhi ya ukaguzi, boti ya Anatoli ndiyo ilikuwa ya kwanza kuondoka. Mitungi yake miwili ilikuwa imeoshwa kwa sabuni, inang'aa.

"Mwakeye, dada," Anatoli alimwamkia kwa Kiha. "Bandika stika twende."

Honorata akapindua wa kwanza. Kimya. Akaupindua wa pili. Kimya.

"Unga umeganda. Hamwendi."

"Sindano si iko kwenye kijani? Unataka nini tena, mtungi uimbe?"

"Weka sikio wewe mwenyewe."

Anatoli akaweka. "Sisikii kitu."

"Na mimi ndicho ninachokisikia."

Mabaharia wakacheka. Anatoli hakucheka. Alimwonyesha mapipa ya petroli, akamkumbusha kwamba watu kule wanapigwa na jua, hawana choo, na wakija usiku wanalala kwenye mchanga.

"Na mdogo wako yuko huko," alisema. "Au nimedanganya?"

"Hujadanganya. Atapanda boti yako, atakaa hapo penye petroli, na kuna mama atawasha jiko amchemshie mtoto uji. Moto ukishika mtauzima kwa kitu gani?"

Alifungua mitungi na kuipeleka kibandani kwake mjini. Ilibidi atoe gesi, agongegonge kwa nyundo ya mpira, akwangue unga ulioganda, akaushe ndani, kisha ajaze upya. Alipomaliza, upepo wa jioni ulikuwa umeshachafua ziwa. Boti ikalala Kibirizi.

Nyumbani, mama yao, Bi Merina, alikuwa ameketi mlangoni na kanga ya mtoto mapajani.

"Wamekuja?"

"Kesho, mama. Boti nimeizuia mimi."

"Mwanangu, wewe moyo wako umeutengeneza kwa bati gani?"

Chakula mama alikigusa tu.

"Nililala na nguo zangu," anasema Honorata, akifuta mikono kwa kitambaa. "Kama mtoto angefia kule usiku ule, ningekuwa nimemuua mimi. Hilo nalijua mpaka leo."

Kesho yake boti iliondoka mapema, mitungi ikiwa imejaa upya. Ilirudi alasiri, imeinama kwa uzito wa watu. Bi Merina aliingia majini na viatu vyake. Mtoto alikuwa amelegea, macho yamezama, lakini analia, na kilio kile, anasema Honorata, hajawahi kusikia kitu kitamu kama hicho. Alipelekwa moja kwa moja kwenye hema la wagonjwa. Siku chache baadaye alikuwa akigombania muhogo na binamu zake.

Pale ufukweni Honorata alimkumbatia mdogo wake, kisha macho yakamkimbilia kwenye injini.

"Hata sijakanyaga mchanga vizuri unaangalia mitungi," Shukrani akamwambia.

"Mmoja ulikuwa karibu yako?"

"Ulikuwa mgongoni kwangu njia nzima. Niliupindua mara mbili. Nilikuona ukifanya hivyo kwa mzee Dismasi nilipokuja kuaga kabla ya harusi."

"Ukasikia nini?"

"Ulishuka."

Bi Merina alisikia mazungumzo hayo. Jioni hiyo alimpakulia Honorata kwanza, kabla ya wageni, na minofu ya migebuka, samaki wa ziwa hili, akamwekea ile minene.

Sasa Shukrani anasubiri utaratibu wa kupelekwa kambini. Kabla hajaondoka, dada yake anataka jambo moja: wazunguke wote wawili kwenye boti za Kibirizi, Shukrani aongee Kirundi na abiria, yeye aongee na mabaharia, wafundishe kupindua mtungi kila mara kabla ya kung'oa nanga. Anatamani pia kibanda kingine hapahapa ufukweni, ili mtungi ukikataa, boti isilazimike kulala.

"Boti isilale tena kwa ajili yangu," anasema. "Mama alinisamehe mara moja. Ya pili sitaki kumjaribu."

Anashuka, anakunja kanga juu ya magoti, na kuvuka maji kuelekea boti inayofuata. Mabaharia wake wameshamwona. Mmoja ameukumbatia mtungi, ameupindua juu chini, na sikio ameliegemeza ubavuni.