Kidonge alipewa baba, eksirei ikakikuta kwa rafiki yake

Wakuu, salamu kutoka Sosiot. Hii nilikuwepo mwenyewe, na sitaongeza chumvi kwa sababu haihitaji.

Mwezi uliopita baba yangu alipigwa picha ya tumbo, hospitali moja Kericho, kutafuta kidonge alichopewa nusu saa kabla.

Kidonge hakikuwemo.

Kilikuwa ndani ya tumbo la mzee mwingine, aliyekuwa ameketi kwenye benchi nje akimenya ndizi.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Mzee wangu ana kidonda kwenye utumbo mpana. Amekuwa akienda choo na damu tangu mwaka jana. Alipewa vidonge vyenye ganda gumu: havitakiwi kuyeyuka tumboni, vinatakiwa kusafiri mpaka huko chini ndipo vifunguke. Kimoja kila siku, asubuhi.

Miezi minne, damu iko pale pale.

Daktari akashuku ganda linafunguka mapema, dawa inaishia njiani. Akasema atampa kidonge cha majaribio. Hakina dawa, kina chembe ndogo ya chuma inayoonekana kwa eksirei. Atapiga picha mara chache siku hiyo aone kimefika wapi. Hakuna kupasuliwa, hakuna mpira wa kuingizwa mdomoni.

"Na kama hakifiki?" baba akauliza.

"Basi mzee, tutabadilisha. Iko dawa ya maji, inaingizwa kwa nyuma. Kila jioni. Mtu wa nyumbani atakusaidia."

Wakuu, mtu wa nyumbani ni mimi. Mama alishatangulia, na dada zangu wameolewa Bomet.

Baba ni mzee wa kanisa. Aliniangalia, nikamwangalia, tukaangalia ukuta.

Siku ya kipimo tulienda watatu. Wa tatu ni arap Koskei, jirani yetu. Yeye na baba ni bakule, yaani walitahiriwa pamoja na kukaa jandoni nyumba moja. Watu wa namna hiyo hawana changu na chako. Nimewaona wakigawana sigara, koti la mvua, hata meno ya kuweka (hiyo ni uzi mwingine).

Nesi akampa baba kidonge kwenye kikombe cha karatasi, akaenda kujibu simu. Mimi nilikuwa dirishani nashughulikia faili.

Nusu saa baadaye, picha ya kwanza. Daktari akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akamwita mwenzake. Mbavu zipo, uti wa mgongo upo, chuma hakuna.

"Mzee, ulimeza kidonge?"

"Kimemezwa."

"Na nani?"

Baba akamwangalia kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Mimi nilikunywa jana. Leo ni zamu ya arap Koskei."

Daktari akaiweka picha mezani.

"Zamu gani?" daktari akauliza polepole.

"Si yeye pia tumbo linamsumbua? Sasa mimi ninywe peke yangu, yeye aniangalie tu?"

Miezi minne, wakuu. Siku moja baba, siku moja arap Koskei. Sisi tunatafuta kidonge kinapotelea kona gani ya utumbo, kumbe kinapotelea ng'ambo ya ua.

Arap Koskei akaingizwa kupigwa picha, kwa ridhaa yake na kwa furaha kubwa. Chuma kikaonekana kinang'aa tumboni.

"Nimeshasikia nafuu," akasema.

"Hakina dawa, mzee."

"Mwenye tumbo si wewe, daktari."

Alipochunguzwa vizuri ikajulikana hana kidonda chochote. Shida yake ni kufunga choo. Anaenda mara moja kwa wiki, akibahatika. Akapewa dawa yake mwenyewe. Baba akaapishwa na nesi kumeza chake kila siku, mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Wiki sita, isipobadilika, tunahamia dawa ya jioni.

Nilisimama kila asubuhi, wakuu, kama askari wa benki. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Wiki ya tatu damu ilikata. Juzi daktari amefuta ile dawa ya nyuma kwenye faili. Baba amenunulia kanisa viti viwili bila kueleza sababu.

Nilichojifunza: kabla hujalaumu dawa, uliza inaliwa na watu wangapi. Wenye wazazi wanaogawana dawa na marafiki, semeni hapa mliwaachishaje.

Arap Koskei naye alirudi baada ya siku tano kupigwa picha ya kuhakikisha chuma kimetoka. Kilikuwa bado, chini upande wa kulia. Wiki iliyofuata, pale pale. Daktari anasema hakina madhara, kitatoka chenyewe.

Leo asubuhi nimemuuliza arap Koskei kama kimetoka, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Amepapasa tumbo, akatikisa kichwa.